Mhakiki atuoneshe panapopwaya

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua za wapenzi wa maigizo mlizochapisha wiki mbili hizi. Wengine wanasema wahakiki wanawavunja moyo vijana, wengine wanasema anayeogopa kusemwa asipande jukwaani. Hapa Bagamoyo mjadala huo tunaendelea nao kila jioni penye kahawa, na juzi nusura watu wazima wawili wanuniane kabisa. Naomba nafasi na mimi, kwa sababu igizo lililouanzisha huku kwetu nilikuwemo. Mimi ndiye niliyeshona mavazi.

Gazeti lililotoa uhakiki ule si lenu na sitalitaja. Mhakiki hakulipenda igizo, na hiyo ni haki yake, alilipa kiingilio kama wengine. Ila kuna sentensi mbili alizoandika ambazo nimezisoma mpaka nimezikariri. Ya kwanza ilimhusu binti aliyeigiza bibi mwenye nyumba: sauti yake haikuvuka safu ya tatu, na nafasi ile imempwaya. Ya pili ilimhusu kijana aliyeigiza nahodha: kwa weusi wake alimezwa na giza, na mwongozaji angetafuta mtu anayeonekana.

Zote mbili ni kali. Wanaotetea wahakiki wanaziweka kapu moja, na wanaowalaani nao wanaziweka kapu hilohilo. Mimi naona haziendi pamoja hata kidogo.

Binti alikuja kwangu asubuhi ile, gazeti amelikunja mara nne amelifutika ndani ya mtandio. Alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani akalia, nami nikamwacha alie. Kisha nikachukua gazeti nikasoma, nikakutana na lile neno. Kupwaya ni neno la kazi yangu. Nguo ikimpwaya mtu siitupi, wala simwambii mvaaji akanenepe. Namsimamisha mbele ya kioo, nabana pini begani, nabana kiunoni, najua ni wapi pa kupunguza na kwa vidole vingapi. Mhakiki yule alikuwa amechomeka pini mahali penyewe. Sauti.

Tena alisema kweli, na hili ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu sote tulilijua. Wakati wa mazoezi nilikuwa nakaa safu ya nne nikishikiza vifungo, na nilikuwa simsikii. Mwongozaji alijua. Wapiga ngoma walijua, kwani walikuwa wakipunguza mkono kila binti alipofungua kinywa. Hakuna aliyemwambia. Kila jioni tulimpigia makofi tukasema hongera mwanangu, umejitahidi. Tulimpeleka mbele ya watu waliolipa pesa zao akiwa na kasoro tunayoijua, akaja kuisoma gazetini. Wanaoandika kwamba wahakiki wawe wapole wafikirie na upole wa namna hiyo, maana ulimtia aibu kuliko gazeti.

Baada ya hapo mwongozaji alikuwa akimchukua alfajiri kwenda ufukweni, maji yakiwa yamekupwa na mashua zimelalia ubavu. Anamsimamisha penye mashua, yeye anarudi nyuma hatua hamsini, upepo unawavumia, anamwambia nisemeze, usinipigie kelele, nisemeze. Wavuvi waliokuwa wakiteremsha samaki walimzoea mpaka wakawa wanamjibu maneno ya igizo. Onyesho la pili, muuza karanga wa getini aliniambia alimsikia bibi akimkaripia mjakazi kutoka kule alikokuwa ameketi.

Sasa kijana. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na pazia jeusi. Taa mbili za upande wa kushoto zilikuwa zimeungua na hazikubadilishwa, na huko kushoto ndiko nahodha anakosimama karibu igizo zima. Nguo yake nilichagua mimi. Nilimpa kaniki, nikiona ndiyo itakayomweka katika zama za majahazi na misafara. Nguo nyeusi, pazia jeusi, taa hakuna. Ungemweka pale mtu wa rangi yoyote, ungeona uso na viganja tu vinaelea. Kosa la nguo ni langu. Kosa la taa ni la waandaaji. Kijana hakusahau neno hata moja, na anapopokea habari ya kifo cha mwanawe alikuwa akikaa kimya muda mrefu hadi watu wa mbele wanaacha kujipepea. Kuhusu hayo mhakiki hakuandika kitu. Aliandika ngozi.

Kijana hakurudi. Tulimwendea nyumbani mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza, mama, sauti watu wanafanyia mazoezi, mimi nikafanyie mazoezi nini? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekwisha mshonea nguo nyingine, shuka la marekani, ile pamba nyeupe, na kizibao chekundu, itakayoonekana hata kwa mwanga wa mshumaa. Onyesho la pili nahodha aliigizwa na mtu mwingine, mwembamba zaidi, hivyo nguo ile haikumfaa.

Kwa hiyo mimi siombi wahakiki walegeze kamba. Naomba wakaze panapostahili. Mhakiki yule angeandika kwamba fundi wa mavazi amemvalisha nahodha giza juu ya giza, ningeona haya mtaa mzima na ningestahili. Angeandika kwamba ni aibu kuuza tiketi huku taa zimekufa, waandaaji wangezinunua kesho yake. Ukali wake ulikosa mtu wa kumpata, ukamwangukia asiyehusika.

Wapo wanaosema habari ya kukosoana ni ya kigeni, na wanatupa methali ya mcheza kwao hutunzwa. Methali ni yetu, lakini tukumbuke inavyotumika. Kwenye taarabu mtu anatoka na noti yake kumtunza mwimbaji pale anapoguswa. Asipoguswa hainuki, na mwimbaji anaimba ubeti mzima akiwatazama watu waliokalia mikono yao. Huo nao ni uhakiki, na hauna huruma. Wazee wa pwani walishindana kwa ngoma za beni, kundi la Marini na la Arinoti, wakiimbana hadharani. Tanga walikuwa na vikundi vyao vya taarabu, Black Star na Lucky Star, kila kimoja na watu wake. Miaka ya 1990 sisi wenyewe tulishuhudia watu wa vikundi vya burudani vya Muungano na TOT (Tanzania One Theatre) wakirushiana vijembe huku mashabiki wamegawanyika ukumbi mzima. Hatujawahi kuwa watu wa kusifiana tu.

Lakini aliyepigwa kijembe Jumamosi alikuwa na Jumamosi nyingine ya kujibu, mbele ya watu walewale. Anayeandikwa gazetini hana. Kijana wangu hana gazeti. Ndiyo maana mwenye kalamu, kwa maoni yangu, ana deni la kutazama mara mbili kabla ya kumsema mtu kwa jambo asiloweza kulibadili.

Mwalimu mmoja wa maigizo alitusimulia kisa cha John Simon, mhakiki wa jarida la New York kule Marekani, aliyeandika kwa zaidi ya miaka 30 na kujulikana kwa kuwasema waigizaji hata maumbile yao. Mwaka 1973 mwigizaji Sylvia Miles alimkuta mkahawani akammwagia sahani ya chakula kichwani. Simon alikuwa amemwandika kuwa mtu wa kuvamia sherehe za watu. Waliosimuliwa pamoja nami walicheka sana. Mimi nilimfikiria huyo mama. Angeambiwa ameharakisha maneno au amegeuza mgongo pasipofaa, angekwenda mazoezini. Kwa aliloandikiwa hakuwa na mahali pa kwenda isipokuwa kwa Simon mwenyewe.

Mji huu umekuwa na Chuo cha Sanaa tangu 1981, ndiyo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) ya leo, na tamasha lake la kila mwaka limetufundisha kutazama. Muuza samaki wa hapa anajua mchezaji aliyekosea hatua. Vijana wanaotoka chuoni wamezoea kuambiwa ukweli na walimu wao, na wengi wanautafuta. Kazi ya wanafunzi ipimwe kama ya wanafunzi, na kundi linalouza tiketi lipimwe kwa thamani ya tiketi, hilo sidhani kama lina ubishi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mkichapisha uhakiki, mwandishi aseme ameona onyesho la siku gani na kama alikaa mpaka mwisho. Yule wa kwetu aliondoka kabla ya sehemu ya mwisho, nilimwona kwa macho yangu akipita mlangoni na begi lake. Na mkitupa nafasi ya mistari michache ya kujibu, sisi wa nyuma ya pazia tutakiri makosa yetu humohumo.

Igizo litarudi jukwaani baada ya mwezi wa mfungo. Taa zimenunuliwa. Mhakiki yule akitaka kuja nitamwekea kiti safu ya nne, nilipokuwa nikikaa mimi. Shuka la marekani na kizibao viko kwenye kamba chumbani kwangu, nimevifunika na kanga visiingie vumbi, na vipimo sijavibadilisha.

Fundi wa mavazi ya jukwaani,
Magomeni, Bagamoyo