Kikundi cha wazazi wa watoto wenye usonji kisaidiwe

Mhariri,

Nina mtoto wa miaka saba mwenye usonji. Kila Jumamosi tunaenda kwenye kikundi cha wazazi hapa Nyalenda: ukumbi wa kuazima, viti vya plastiki, mkeka mmoja. Huko ndiko nilikofundishwa kumwekea picha ya kikombe ukutani, badala ya kungoja aseme "maji". Siku ya tatu alinivuta mkono, akaigusa picha ile kwa kidole. Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Kabla ya hapo niliambiwa amerogwa. Makanga mmoja wa matatu ya Kondele alitushusha njiani kwa sababu ya kelele zake. Usonji si uchawi wala malezi mabaya. Ni namna ubongo unavyokua.

Kila Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, wageni huja na fulana za buluu tukapigwa picha. Sawa. Lakini mtaalamu wetu wa matamshi ni wa kujitolea, na nauli yake tunachanga sisi wenyewe. Kaunti ituajirie mmoja tu, na itupe ukumbi wenye geti la kufungika, maana watoto wetu hukimbilia barabarani.

Mama Mzazi,
Nyalenda, Kisumu