Mnaohama, msiache katoni langoni mwa shule

Ndugu Mhariri,

Kiangazi ndicho msimu wa kuhama hapa Lubumbashi. Barabara za udongo zimekauka, lori linafika hadi mlangoni, watoto wako likizo. Ndicho pia msimu ambao shule hukuta katoni zimetupwa langoni Jumamosi jioni, hazina barua wala jina. Ndani mna kalenda kuukuu, madaftari yaliyoandikwa nusu, na kamusi inayoanzia herufi D. Direkta atashukuru kwa adabu, kisha katoni zitakaa kwenye kona ya ofisi hadi mchwa wazione. Naomba nafasi niwaambie wanaojiandaa kuhama namna ya kugawa vitu bila kumwachia mwenzao kazi waliyoikimbia wao.

Anza wiki sita kabla ya siku ya lori, na uanze na vitabu, maana vinakula muda kuliko vitanda na makabati yote. Kila kitabu kishike kwa majalada yote mawili, kurasa zikining'inia chini, ukitikise. Zitaanguka picha za harusi, risiti za minervali (karo ya shule), nakala za karatasi za parseli (kiwanja), wakati mwingine noti. Halafu tazama muhuri. Chenye muhuri wa maktaba ya parokia, shule au chuo si chako kukigawa. Kirudishe, hata kama kimelala kwako miaka 20. Kwenye vilivyo vyako andika ndani ya jalada, kwa kalamu ya risasi, "zawadi" na mwaka, ili mwanafunzi atakayekutwa nacho asiulizwe amekiiba wapi.

Vitabu vya darasani vinadanganya kwa majalada yao. Kwa sheria ya elimu ya 2014, elimu ya msingi ni miaka 8, na kilichoitwa mwaka wa kwanza na wa pili wa sekondari ndiyo darasa la 7 na la 8 la leo. Kitabu kilichoandikwa "première secondaire" huenda bado kinafaa, huenda hakifai. Mpelekee mwalimu wa somo ukurasa wa yaliyomo aulinganishe na programu yake. Ni kazi ya dakika tano. Atlasi nayo, ikionyesha Kongo yenye majimbo 11, ni ya kabla ya 2015, Katanga haijagawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mito na milima haijahama, kwa hiyo itoe, ila ubandike kikaratasi kwenye ramani hiyo kinachosema majimbo sasa ni 26. Bila hicho, mtoto atanakili 11 na kukosa alama. Kamusi nzima hupata mwenyewe siku hiyohiyo. Vitabu vya kompyuta vya miaka 20 iliyopita, wapeni wauza karanga wafungie, sioni dhambi. Lakini kilichopigwa chapa Élisabethville, yaani kabla mji haujabadilishwa jina mwaka 1966, msikiache kifike kwenye karanga. Ulizeni kwanza kwenye makumbusho ya taifa au maktaba ya chuo kikuu.

Sasa wadudu. Mji huu umezungukwa na vichuguu, na katoni iliyokaa sakafuni msimu mzima wa mvua haiaminiki. Mchwa huacha njia za udongo mkavu kwenye kingo za kurasa; ukizikuta, toa kitabu nje, kipanguse kwa brashi kavu, na kile kilicholiwa hadi ndani kiteketeze. Mchwa aliyekatwa na kichuguu chake hadumu. Mbaya zaidi ni vitundu vya duara, vidogo kama vya sindano, vinavyomwaga unga mwembamba ukigonga kitabu mezani: hao ni viwavi wa wadudu wa vitabu, na husafiri na zawadi hadi kwenye rafu za watu. Dawa yao ni kukifunga kitabu ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa na kukiweka kwenye frigo ya kugandisha, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki nzima. Umeme ukikatika katikati hadi frigo ikayeyuka, hesabu inaanza upya, na sote tunajua umeme wetu. Usipulize dawa ya mbu kwenye kurasa, maana watoto hulamba kidole wakifunua. Ukungu haufutwi kwa kitambaa chenye maji. Anika kitabu kivulini penye upepo, kisha brashi. Jua kali hukunja majalada na kupasua gundi.

Katoni bora ni ile ya karatasi za A4 yenye rimu tano. Rimu moja ina kilo 2 na nusu, kwa hiyo katoni imeshazoea kilo 12 na ushee, na mtu mmoja anaibeba. Katoni ya samaki wa chumvi inaita mende, na katoni kubwa ya televisheni iliyojazwa vitabu hupasuka chini hatua ya tatu. Laza vitabu vizito chini, bandika orodha juu, na mlipe wewe mwenye pus-pus, mkokoteni wa kusukuma.

Vyombo havina maneno mengi. Sufuria, viti na mbabula (jiko la makaa) isiyotoboka vitagawanyika vyenyewe jirani. Tatizo ni kabati moja kuahidiwa shangazi na mke wa kaka, kwa hiyo bandika jina la mpokeaji kwenye kila kitu siku ile ile unapoahidi. Matela ichunguzwe kwenye mishono: vidoa vyeusi ni kunguni, na matela hiyo haitolewi. Frigo izimwe siku moja kabla, iyeyuke, isafiri imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba. Mwambie anayeipokea aisimamishe saa 24 kabla ya kuiwasha. Iliyokufa ing'olewe mlango kabla haijatoka uani, kwa sababu watoto hujificha humo na kukosa hewa.

Bido, yaani dumu, lililobeba asidi ya migodini au mafuta ya mashine lisitolewe kwa mtu yeyote kama bido la maji, hata likioshwa mara kumi. Plastiki imeshanyonya. Litoboe kabla ya kulitupa.

Na kabla hujagawa vyuma vya mapazia, rafu ya jikoni au taa za ukutani, fungua karatasi mliyosaini na mwenye nyumba siku ya kuingia. Kilichoandikwa humo ni chake, na atakikata kwenye garanti yako, ile amana uliyomlipa ulipoingia.

Msomaji wenu, mtunza vitabu,
Komini ya Kamalondo, Lubumbashi