Daftari la mama

Dodoma

Dada Neema,

Mbukwenyi hapo nyumbani. Umeuliza uanzie wapi kumtunza mama huko Chamwino. Mnunulie daftari. Ukurasa wa kwanza andika mwaka wake wa kuzaliwa, magonjwa aliyo nayo, kila dawa na miligramu zake, na saa za kumeza. Aende nalo zahanati, hospitali, hata duka la dawa.

Nakusisitizia hili kwa sababu wazee wengi wanaumizwa na dawa za sehemu mbili zisizojuana. Zahanati imempa nifedipini, hospitali inamwandikia amlodipini. Majina mawili, kundi moja la dawa za presha. Akizimeza zote presha inaweza kushuka mno, na usiku akiamka kwenda chooni akaanguka. Kwa hiyo akiruhusiwa hospitali, karatasi ya ruhusa ifike zahanati wiki hiyohiyo, nesi ailinganishe na daftari na aseme ipi aendelee nayo, ipi aache. Magoti nayo yakiuma! Diklofenaki ya dukani, dawa ya maumivu, inapandisha presha na kuumiza figo, aombe parasetamoli. Mlenda wake mwacheni ale, ila punguzeni magadi mnayoupikia, maana yana sodiamu kama chumvi.

Kuhusu gharama, mzee asiyejiweza wa miaka 60 na kuendelea anastahili msamaha katika vituo vya serikali. Aanzie kwa mtendaji wa kijiji, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kabla hamjaondoka ofisini, linganisheni jina na mwaka wa kuzaliwa vilivyo kwenye karatasi ya msamaha na vilivyo kwenye kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA. Herufi moja ikipishana mnaweza kurudishwa. Wekeni pia akiba, kwani dawa zikiisha zahanati mtanunua.

Ninyi mlio mbali msimpigie simu kila mmoja na maagizo yake. Chagueni mtu mmoja anayelala pale, awe na namba ya nesi, ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii na ya bodaboda wa kuaminika. Mpangieni na siku ya kupumzika, tafadhali.

Ukija kwa mama, leta mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Mama akae dakika 5, mpime. Asimame, mpime tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, iandike na umpeleke kwa daktari. Asiongezewe dawa ya presha kabla daktari hajaiona.

Nduguyo,
Rehema