Barua za baba kutoka Uganda

Mafinga, 14 Julai

Ndugu yangu Ambakisye,

Ugonile. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu si mchezo. Ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, na ng'ombe wenyewe hawataki kutoka zizini. Asante sana kwa mchango wako wa msiba wa baba mdogo. Arobaini tumeshamaliza, na mjane wake anaendelea vizuri.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli baba alikuwepo Lukaya, kule Uganda, kwenye vita vya Kagera, maana nyumbani kwetu ilijulikana kwamba vita vyake viliishia kulinda kivuko cha mto Kagera pale Kyaka, upande wetu wa mpaka. Jibu lake ni refu, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Baba alikuwa mgambo. Alichukuliwa Novemba 1978, muda mfupi baada ya Mwalimu kutangaza redioni kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Mimi nilikuwa darasa la tano. Mama hakujua kusoma, bibi vilevile, kwa hiyo barua zilipofika kwenye sanduku la posta la shule, mwalimu mkuu alinikabidhi mimi, na jioni nilizisoma jikoni huku moshi ukinitoa machozi na bibi akinisimamisha kila baada ya sentensi nimgeuzie kwa Kihehe.

Sasa, ukizisoma zile barua huwezi kuamini kwamba aliyeziandika yuko vitani. Anaendesha shamba! Pareto ikaushwe vizuri kabla ya kupelekwa kupimwa. Ndama wa yule ng'ombe mwekundu asiuzwe hata akija nani. Fulani bado anadaiwa debe la mahindi, akumbushwe kwa adabu. Barua ya Machi 1979 karibu yote ni ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Anaelekeza kwamba ncha ya chipukizi igemwe asubuhi na jioni, tena kwa kisu kikali na kipande chembamba tu, kwa sababu ukiiacha siku mbili inaziba na huo mwanzi kwa mwaka huo ndiyo basi tena. Mbeta, vile vyombo vya mwanzi vya kukingia ulanzi, zioshwe kila zinapomwagwa, nyuki wasizamie humo. Na wageni wasikaribishwe mpaka bibi apate wake.

Lakini kila bahasha ilikuwa na karatasi ya pili, imekunjwa na kubandikwa, juu yake jina la baba mdogo. Nilimpelekea mwenyewe kwa mkono wangu. Alikuwa anasoma akiwa amesimama nje, anaitia mfukoni, ananiambia nirudi nyumbani. Karatasi hizo alizitunza miaka yote, na baada ya maziko mjane wake akanipa, zimefungwa kwenye mfuko wa mbolea.

Nimezipanga mezani, za mama kushoto na za baba mdogo kulia, tarehe kwa tarehe. Mwandiko ni uleule, hata kalamu ni ileile iliyokuwa inavuja wino kwenye kila herufi ya duara. Siku aliyoandika habari za ulanzi ndiyo siku aliyomwandikia mdogo wake habari za Lukaya.

Anasema walikuwa kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, mahali inapokatiza kinamasi, ukitoka barabarani tu umezama kwenye mafunjo. Jioni makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin yakaanza kulia juu yao. Mengi yaliwapita yakaangukia nyuma, lakini ule mlio peke yake uliwatosha, watu wakatawanyika. Yeye aliangusha blanketi na bakuli lake la chakula, bunduki akabaki nayo, akalala usiku ule amesimama ndani ya maji. Wewe unayesoma historia utajua kwamba Brigedi ya 201 ya jeshi letu, iliyokuwa na mgambo wengi, ndiyo iliyorudi nyuma jioni ya tarehe 10 Machi, na ya 208 ikazunguka kuwapiga Walibya ubavuni alfajiri ya tarehe 11. Baba hataji namba yoyote. Ameandika tu, "Tulikimbia. Usimwambie shemeji yako."

Watu husema barua za askari hazina kitu kwa sababu zilikaguliwa. Kwa baba nakataa. Kama ni mkaguzi, hiyo karatasi ya pili isingefika Mufindi. Nadhani alikuwa anamwona msomaji wake, mtoto wa darasa la tano amesimama mbele ya mama na bibi, akapima maneno ambayo mtoto huyo anaweza kuyatamka mbele yao bila sauti kukatika.

Dada alisema tusimwonyeshe mama, ni mzee, presha yake ya kupanda na kushuka. Mimi nikaona ni haki yake. Jumapili baada ya misa nikamsomea yote, ya Lukaya nayo. Alisikiliza huku anapepeta maharage, hakusimama hata mara moja. Nilipomaliza akasema hiyo anaijua. Shemeji yake alimwambia kila kitu mwaka uleule, barua haijamaliza hata wiki, maana alikuwa akinywa ulanzi hawezi kuweka siri. Nikamuuliza, mbona hukusema? Akanijibu kwamba bibi alikuwa anasikiliza, na mimi nilikuwa nasoma vizuri.

Kwa hiyo aliyekuwa hajui jikoni mle ni bibi na mimi mwenyewe niliyeishika barua. Nimecheka, halafu usiku sikulala vizuri.

Sasa dada anataka tuzipeleke makumbusho pale Iringa Boma. Mimi naona kwanza tuzipige picha, maana mikunjo imeanza kukatika, halafu mama aamue. Mzee wenu naye alikuwa huko na wale wa Masoko. Hebu mwulize shangazi yako kama kuna karatasi zimebaki, na kama zipo asizifungue kwa haraka, zinachanika.

Mbegu ya viazi nimeikabidhi kwa kondakta wa basi la Ijumaa, gunia lina jina lako. Msalimie mama watoto na wote hapo Tukuyu.

Wako,
Augustino