Niliambiwa mimi ndiye ninayemtatiza mwanangu, na sasa mume wangu anasema hivyo hivyo

Hujambo Shangazi,

Ni saa kumi alfajiri na sijalala. Mtoto anakoroma chumba cha pili, na kila akinyamaza nainuka kwenda kuangalia kama anapumua. Pumzi humkatika usingizini, kisha anashtuka, anavuta hewa kwa nguvu na kuendelea kukoroma. Daktari wa koo alisema mafindofindo yamekuwa makubwa na kuna nyama nyuma ya pua inayomziba, vyote vitolewe. Mimi silipingi hilo. Naomba ulishike hilo vizuri, maana huku kwetu inasemwa kwamba sitaki mtoto atibiwe.

"Mama, wewe ndiye unamfanya awe hivi. Toka nje." Hayo ndiyo niliyoambiwa, na mtu mzima mwenye koti jeupe, mbele ya wazazi wengine waliokuwa kwenye benchi na watoto wao. Mama mmoja akatikisa kichwa kukubali.

Sina haja ya kukueleza usonji, yaani autism, ni nini, najua umewajibu wengi. Wangu ana miaka tisa na haongei. Akiumia hucheka. Kuna siku mlango ulimbana kidole kikavunjika, akawa anacheka huku jasho linamtoka, na watu wakasema haoni uchungu. Anaona. Mimi najua anaona. Nikimwambia nesi hivyo ananitazama tu, kana kwamba nimebuni.

Siku ile ya upasuaji tuliambiwa asile wala kunywa chochote tangu usiku wa manane. Nikatii. Sasa wewe mtoto huyu umnyime uji wake wa asubuhi, kwenye kikombe chake cha kijani, uone kama siku itaanza! Tuliondoka na matatu za kwanza kabisa, kijana ameshika kikombe kitupu, tukakaa kwenye korido ile yenye taa zinazovuma hadi adhuhuri ikapita. Baadaye shemeji ya rafiki yangu wa chama, ambaye kazi yake ni kutia watu nusukaputi katika hospitali nyingine, aliniambia chakula ndicho kinachokatazwa kwa muda wa saa sita, lakini maji matupu kwa kawaida mtoto huruhusiwa hadi muda wa saa mbili kabla ya kuingizwa. Maji tu! Mwanangu alikuwa anaramba midomo na mimi nina chupa kwenye mkoba nimemficha.

Na usidhani nilikwenda bila kujiandaa. Mwalimu wake wa kitengo maalum alitutengenezea picha: geti, kitanda, daktari mwenye barakoa, kisha uji, kisha nyumbani. Tulizipitia kila jioni hadi akawa anazipanga mwenyewe mezani. Tulipofika tukaambiwa mlango wa siku zote umefungwa, tuzunguke nyuma. Hapo picha ya kwanza ikawa ya uongo, na kwake ikishakuwa hivyo zote zilizobaki ni za uongo.

Lakini hata hapo alikuwa ametulia, Shangazi. Alikuwa amejifunika masikio, anavuma pamoja na taa. Kilichomshinda ni ule ukanda wa jina wanaofunga mkononi. Hawezi kuvumilia kitu kinachonata kwenye ngozi, hata lebo za nguo nazikata zote. Akautafuna ukatoka. Wakamfunga mwingine. Akaukwaruza mpaka mkono ukawa mwekundu, akautoa. Nikamwomba yule nesi aufunge juu ya soksi, au mguuni, au anipe mimi niushike. Akasema hapa kuna utaratibu. Alipomshika kwa nguvu kumfunga tena, kijana akamng'ata. Wakaja watu wanne, mmoja kila mkono na kila mguu, na wa tano akitafuta mshipa wa kumwekea sindano ya maji. Mimi nilikuwa namwimbia wimbo wake sikioni, maana huo ndio humshusha. Ndipo nikaambiwa mimi ndiye namfanya awe hivyo, nitoke nje.

Nilitoka. Ungefanya nini? Mlango ukafungwa, nikawa nasikia anacheka.

Mshipa haukupatikana. Upasuaji ukaahirishwa, "mtoto hashirikiani". Wakaandika hivyo kwenye faili.

Mume wangu hakuwepo, alikuwa kazini, na silaumu mtu kwa kwenda kazini. Lakini jioni nilipomsimulia, alinyamaza, akala, halafu akasema, "Lakini labda wanajua wanachosema. Kijana akiwa nawe hujiachilia." Shangazi, maneno ya mgeni yangepita. Haya yametoka kwa mtu ninayelala naye, aliyekuwa kando yangu pale KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani, tulipoambiwa mtoto ana usonji, aliyelia kunishinda. Sasa amekuwa akiyarudia. Mtoto akimwaga uji, ni mimi. Akikataa kuvaa viatu, ni mimi namdekeza. Mavyaa naye amedakia, anasema zamani watoto hawa walikuwa wakishikwa tu na mambo yanaisha. Nani alimwambia mambo yaliisha?

Mume wangu anasema pia, na hapa simkatai, kwamba anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwenda SHA, bima ya afya ya serikali, kila mwezi, na siku ambayo tungefaidi tunarudi nyumbani mikono mitupu. Ni kweli. Lakini je, ni mimi niliyemrudisha?

Sasa tumepewa tarehe nyingine. Yeye amechukua ruhusa kazini na ameamua kwamba ataingia na mtoto yeye na ndugu yake, mimi nibaki nyumbani na mdogo wake, wamshike sawasawa, sindano iingie, basi. "Ni dakika tano tu," anasema. Mimi kusema kweli nimechoka, kuna upande wangu unataka kubaki nyumbani nisisikie chochote, na sijui kama nikikubali nitakuwa nimemtupa mtoto au nitakuwa nimempa baba yake nafasi anayostahili, kwa sababu ni baba yake pia. Lakini hajui wimbo. Hajui kwamba kijana akianza kugusa kidevu zimebaki sekunde chache kabla hajalipuka.

Yule shemeji ya rafiki yangu aliniambia kuna mambo ya kuomba mapema. Mtoto awekwe wa kwanza kwenye orodha ya siku hiyo. Apewe dawa ya kunywa ya kumtuliza kama nusu saa kabla. Apakwe mkononi dawa ya ganzi, ambayo inahitaji kama saa nzima kufanya kazi, ndiyo maana ukiiomba dakika ya mwisho hupati. Mzazi mmoja awe naye mpaka usingizi umchukue, na awepo anapozinduka. Nimeyaandika yote kwenye karatasi moja, na juu yake nikaweka nakala ya kadi yake ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na nikanakili Kifungu cha 54 cha Katiba kinachosema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na utu. Nilitaka kuipeleka kwa msimamizi wa wadi wiki hii.

Mume wangu ameisoma akasema nikiipeleka watatuona wajuaji, tutasukumwa nyuma ya orodha, na kwamba mtu haendi kuomba msaada akiwa amebeba Katiba. Tukanuniana. Karatasi iko juu ya kabati, yeye ndiye aliyeiweka huko.

Sitaki kurudi pale, Shangazi, hata geti lenyewe linanitia kichefuchefu. Lakini sitaki aingie mtu mwingine pia. Najua haviendi pamoja. Hospitali nyingine tumeulizia, bei yake tungeuza pikipiki inayotulipia kodi. Na kila usiku tunaongoja, pumzi zinamkatika.

Nataka mtu mmoja tu aniambie kama mama anayemwimbia mtoto wake sikioni ndiye anayemharibu. Maana nikiingia mle ndani nikiwa naamini hivyo, yeye atajua, huwa anajua.

Tarehe ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nijibu kabla ya hapo ukiweza, na usitaje mtaa wetu, mavyaa hukusoma.