Barua ya wazi kwa vijana wapulizaji wa Mwanza

Wanangu,

Jumamosi moja nilialikwa harusini, ukumbi mmoja huku Ilemela. MC akamtangaza "mpuliza saksafoni wa kimataifa", na kijana akaingia akiwa ndani ya suti nyeupe, chombo kinang'aa. Watu wakainua simu. Mimi nilikuwa meza ya mbele, nikaangalia vidole. Vidole vinashuka, sauti inapanda. Mashavu yamelegea, na ridi, kile kijiti chembamba cha mdomoni kinachotoa sauti, ni kavu, haijaguswa na mate. Mara umeme ukakatika. Feni zikasimama, spika zikanyamaza, na saksafoni nayo ikanyamaza! Chombo cha shaba kisichohitaji waya wala betri. Taa za simu zikimmulika, kijana alichezesha vidole kidogo, kisha akakishusha.

Nilisononeka usiku ule, na bado nimesononeka. Tangu hapo nimeambiwa kwamba si yeye peke yake, wapo wengi wanaopleybeki, yaani wanajifanya kupuliza huku spika zinatoa muziki uliorekodiwa, na wanasema mteja hajui tofauti. Anajua. Ananyamaza kwa heshima ya sherehe tu.

Mnapokuja kwangu mnasema mnataka kuwa wapulizaji wa kusimama peke yenu mbele ya bendi, mbele ya okestra, hata nje ya nchi. Ni ndoto nzuri na sitamvunja moyo yeyote. Lakini kazi hiyo huanza na pumzi, na pumzi hainunuliwi Makoroboi.

Asubuhi, kabla ya wimbo wowote, shika noti moja. Ianze kana kwamba haipo, ikue polepole mpaka ijaze chumba, irudi ilikotoka bila kutetemeka na bila kushuka tuni. Katikati ndipo wengi mnapoanguka: tumbo linaachia, mdomo unabana ridi ili kuokoa jahazi, sauti inabaki nyembamba kama ya mbu. Rudia. Kisha noti inayofuata. Nilikuwa na mwanafunzi wa klarineti, binti wa Igogo, ambaye majirani hawakutaka kelele zake. Akawa anashuka ziwani alfajiri, anasimama juu ya mawe wakati mitumbwi ya dagaa inarudi na taa zimezimwa, anavuta noti zake ndefu moja baada ya nyingine. Wenzake walimcheka kwamba kila siku anapiga na hajui hata wimbo mmoja. Wavuvi ndio waliomzoea, na siku asipoonekana walimuulizia. Leo akiingia na noti ya chini kabisa ya klarineti, taratibu, watu ukumbini wanaacha kuzungumza bila kuambiwa. Wale waliomcheka wameshauza vyombo vyao.

Msidhani ni mazoezi ya wanaoanza tu. Tarehe 15 Januari 1941, katika kambi ya wafungwa wa vita huko Görlitz, Ujerumani, muziki wa mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen, naye mfungwa, ulipigwa mara ya kwanza na wafungwa wenyewe, kwenye baridi kali. Ndani yake kuna sehemu ya klarineti peke yake, aliyomwandikia mfungwa mwenzake Henri Akoka. Humo mna noti moja inayotoka kwenye ukimya na kukua mpaka inauma masikio. Hakuna kibodi ya kukuficha pale, wala bitii, ule mdundo uliotengenezwa tayari kwenye kompyuta. Nani kati yenu anaiweza?

La pili, acheni kujifungia. Wa kwaya hataki kusikia jambo nje ya kanisa. Wa dansi anasema nota ni za Wazungu. Anayesoma nota, ukimwondolea karatasi anakuwa bubu. Benny Goodman, mpiga klarineti, alikuwa mfalme wa muziki wa dansi Marekani. Mwaka 1938, mwaka uleule alioujaza ukumbi wa Carnegie Hall kwa jazi, alirekodi pia Mozart pamoja na Budapest Quartet, kundi la wapiga nyuzi wanne. Alimwagiza mtunzi Bartók amwandikie muziki, baadaye akamwagiza mtunzi Copland. Na alipofika miaka 40, na jina lote lile, akaenda kujifunza upya kwa mpiga klarineti Reginald Kell, akabadili hata namna ya kushika mausipisi, kile kipande cha kupulizia, mdomoni. Nyinyi mkishapiga harusi mbili hamtaki kusahihishwa.

Na muziki wa kisasa si bitii peke yake. Mtunzi Mwitaliano Luciano Berio alimwandikia mpiga filimbi Severino Gazzelloni mwaka 1958, na mpiga obo Heinz Holliger mwaka 1969, akidai sauti mbili kwa mpigo kutoka chombo kimoja na mambo mengine ambayo walimu wa zamani wangeyaita makosa. Baadhi ya ufundi wanaoutaka watunzi hao tunao siku nyingi. Wapiga zumari wa pwani hujaza mashavu hewa huku wakivuta nyingine kwa pua, na sauti haikatiki. Hapa kwetu nendeni Bujora kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi Juni, msikilize ngoma zinavyogawana mapigo, kisha mkayatafute mapigo hayo kwenye vyombo vyenu. Atakayepiga Mozart leo, Berio kesho na ngoma yetu ya bugobogobo keshokutwa, huyo atakula kwa pumzi yake mpaka uzeeni.

Mengine nayataja tu. Andikishianeni malipo kabla ya kazi. Fika mapema. Usipige umelewa. Kausha chombo kila unapomaliza, pedi zinaoza. Ridi haiazimwi. Klarineti mpya ya mbao usiipige saa nyingi siku za mwanzo, itapasuka. Anayetaka kusoma, chuo cha Makumira kule Arusha kinatoa shahada ya muziki, chuo cha sanaa cha Bagamoyo kipo, na Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy tangu 2002.

Lakini lawama si zenu zote, na hapa nawageukia wakubwa wenzangu. Klarineti na obo nzuri duniani huchongwa kwa mpingo, mti wetu wa Kilwa na Lindi. Mbao yake inakwenda Ulaya, inarudi ikiwa chombo ambacho mwalimu wa shule hawezi kukinunua kwa mishahara ya miezi mingi. Shule nilizopita sikukuta hata filimbi. Wazazi mnamwambia binti kwamba kupuliza ni uhuni na kutamharibu midomo, halafu mnamlipa mgeni apulize kwenye harusi yake. Na kamati za makanisa, kila mwaka mnachangisha spika kubwa kuliko za mwaka jana, lakini mwalimu wa kuwafundisha vijana kupuliza mnamwambia ajitolee kwa ajili ya Bwana. Mlipeni. Mpeni chumba, na viti, na ufunguo wa mlango siku za Jumatatu hadi Ijumaa.

Ni mimi mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa muziki,
Pasiansi, Mwanza