Msimwache Kahanamoku Hollywood

Mhariri,

Katika makala yenu juu ya wanamichezo waliowahi kuigiza, Duke Kahanamoku wa Hawaii amepewa mistari miwili, yote ya Hollywood. Naomba nafasi nimtetee.

Agosti 1911, katika bandari ya Honolulu, aliogelea yadi 100 kwa sekunde 55.4, akaipunguza rekodi ya dunia kwa sekunde 4.6. Wakubwa wa mchezo huko Marekani bara walikataa: ati saa zilikosea, au mkondo wa maji ulimbeba. Mwaka uliofuata akaenda Stockholm, akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 100, na akaitwaa tena Antwerp mwaka 1920. Paris, 1924, akiwa na miaka 33, ndipo alipoachwa nyuma na Johnny Weissmuller.

Wote wawili waliingia kwenye filamu. Weissmuller akafanywa Tarzan, jina likaenea duniani. Kahanamoku, mtu wa visiwani mwenye ngozi ya maji ya kunde, akaambulia visehemu vidogo: mara chifu, mara haramia. Hakupewa hata filamu moja aibebe yeye. Kumpima mtu huyu kwa filamu hizo ni kumdhulumu mara ya pili.

Mngeandika habari za tarehe 14 Juni 1925. Pale Newport Beach, California, bahari ilichafuka, na mashua iitwayo Thelma ikapinduliwa na mawimbi kwenye mlango wa bandari. Kahanamoku alikuwa ufukweni. Alikamata ubao wake wa kutelezea mawimbini, akaingia, akarudi na watu, akaingia tena. Watu 17 walikufa maji. Walionusurika walikuwa 12, na 8 kati yao aliwatoa yeye. Tangu hapo waokoaji wa fukwe wakaanza kuuona ubao ule kuwa chombo cha kazi yao.

Mimi hufundisha watoto kuogelea hapa Pangani, na habari hii huwasimulia kabla hawajalowa. Hawajaniuliza hata siku moja aliigiza nini. Huuliza ubao ulikuwa mzito kiasi gani, na ilikuwaje hakuogopa kuingia tena akiwa ameshafika nchi kavu.

Mkimwandika tena, tafadhali anzeni na Thelma.

Msomaji wenu,
Pangani, Tanga